Meneja Amefunga Choo

Mjomba wangu ni dobi, lakini dobi wa pasi tu. Mkewe alikuwa anafua, yeye ananyoosha, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Mkewe sote tulimwita Mama Povu. Mjomba mwenyewe mtaa mzima unamwita Mkunjo, kwa ajili ya ule mkunjo wa suruali anaoupiga kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, umenyooka kiasi kwamba ukishaivaa unaona vibaya kukaa. Si mtu wa maneno. Ukimpelekea shati analipokea, analigeuza, ananusa kola, halafu anakutazama kana kwamba shati limeshamweleza yote. Na hajui kuacha. Ananyoosha soksi, ananyoosha tambara la kupigia deki, na mimi nilipoolewa alininyooshea hadi karatasi iliyofungia zawadi yake.

Mbwa wao anaitwa Meneja. Jina alilipata tangu mdogo, maana kazi yake ilikuwa kulala chini ya meza ya pasi akitazama wenzake wanavyohangaika, na mtu akipumzika kidogo yeye anakohoa. Siku hizi ni mzee, kidevu kimeota mvi, tumbo limeshuka, na uso wake ni wa mtu aliyewekwa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi bila kuitwa. Alikuwa mbwa wa Mama Povu hasa. Na Mjomba walikuwa hawaivi, kisa Meneja aliwahi kulalia rundo la shuka nyeupe zilizokwisha kunyooshwa, akazilalia akiwa ametoka kwenye tope. Wakanuniana miaka, mtu na mbwa, kila mmoja akipita upande wake wa meza, na Mama Povu katikati akipeleka salamu.

Mama Povu alifariki asubuhi moja akiwa anaanika, kibanio bado kiko mdomoni. Moyo tu ulisimama. Tukamlilia weee, mimi sauti ilinikauka, mpaka kinyozi wa jirani, ambaye walikuwa wakigombana naye kila siku kwa nywele zinazopepea kwenye nguo mbichi, alilia akalazimika kushikwa. Mtu mmoja tu hakulia. Mjomba alisimama pale makaburini na suruali yake yenye mkunjo, macho makavu, akawashukuru watu kwa kuja, akarudi nyumbani akawasha pasi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na aliyelianzisha ni mama yangu mzazi, sina haja ya kumficha. Mama ndiye dada yake mkubwa Mjomba. Ni mwanamke mwenye upendo, lakini upendo wake una miguu, ukiukimbia unakufuata hadi chumbani. Alimwangalia mdogo wake siku zikapita, akaona bado macho ni makavu, chai anaionja na kuiacha, akaita ukoo na majirani akatangaza kwamba mtu asiyelia msiba wa mkewe kuna kitu kimemganda ndani, na kikimganda sana kitampeleka naye. Kwa hiyo asiachwe peke yake hata kidogo. Tutampangia zamu.

Zamu zikapangwa. Kulikuwa na mtu wa chai, wa kukaa naye akila mkate na kumtazama akimeza. Kulikuwa na mtu wa pasi, ambaye ni mimi, kwa kuwa nashona kwenye fremu ya duka ya pili kutoka yake. Nikahamisha cherehani yangu nikaiweka mbele ya meza yake tukawa tunatazamana kutwa. Na kulikuwa na mtu wa bafuni. Msicheke. Mjomba akiingia kuoga, mwalimu mstaafu anayekaa nyumba ya kushoto anageuza ndoo, anaikalia mbele ya mlango, na maji yakikatika kidogo anauliza, "Mzima huko?" Mjomba anajibu mzima. Akichelewa kujibu, mlango unagongwa. Wote tulikuwa tukimchungulia machoni, asubuhi na jioni, tuone kama kuna unyevunyevu, na yeye alikuwa anatujibu kwa kuuliza kama tuna nguo ya kunyoosha.

Meneja naye akaingizwa kwenye zamu. Mama alisema amewahi kusikia mbwa wanakufa kwa majonzi, na huyu ndiye kitu pekee cha marehemu chenye pumzi, kwa hiyo naye asiachwe. Akiamka anaamkiwa. Akitoka kwenda uani, muuza mboga wa pale mbele anamfuata nyuma, mikono kiunoni, anamsubiri amalize shida zake. Mbwa wa watu maisha yake yote alikuwa anatoka mwenyewe na kurudi mwenyewe.

Muuza mboga ndiye aliyegundua. Alikuja fremuni na uso wa taarifa mbaya, akamvuta Mama pembeni, akamnong'oneza kwa ile sauti yake inayosikika hadi kituo cha mafuta kwamba Meneja haendi haja kubwa. Anachuchumaa, anageuza shingo, anamtazama yeye muuza mboga, anasimama tena, anaondoka. Jana hivyo hivyo. Juzi hivyo hivyo. Mama akashika kichwa akasema ndio yale aliyoyasema, majonzi yameshuka tumboni.

Nilitegemea Mjomba atasema waache upuuzi. Hakusema. Alizima pasi, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya mazishi, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji na suruali yake ile, akainama chini ya meza akamtazama Meneja kwa muda mrefu. Tangu kile kisa cha shuka sikuwahi kuwaona wakitazamana. Akamwekea kiganja tumboni. Tumbo lilikuwa gumu, Meneja akaguna, na Mjomba akaniuliza mimi, taratibu, "Mpwa wangu, yeye alikuwa anampa nini akiwa hivi?" Yeye, maana yake Mama Povu. Sikujua. Hakuna aliyejua, kwa sababu enzi za Mama Povu mbwa hajawahi kuwa hivi.

Basi tangu hapo Mjomba akawa na habari moja tu. Na mtaa, ambao ulikuwa umechoka kumtazama mtu asiyelia, ukapata kitu kipya cha kutazama. Kila mtu alikuwa na dawa.

Muuza mboga alianza na boga. Lichemshwe, lisagwe, lisitiwe chumvi wala sukari, mbwa ale vijiko kadhaa na maji mengi, tumbo litalainika lenyewe. Ushauri mzuri tu, siukatai. Mjomba alilichuja boga kwa kitambaa cheupe alichokinyoosha kwanza, akalipanga kwenye sahani likawa na pembe nne. Meneja alilila lote akalamba sahani, akaomba jingine. Akala boga asubuhi, akala boga jioni, akawa anang'aa manyoya na kunenepa mashavu. Kutoa, hatoi.

Mama akaja na kijiko cha mafuta ya kula kwenye chakula, na taulo la moto la kumkanda tumbo kwa kuzungusha. Pia alikuja na vidonge vyake mwenyewe vya kufungua choo, vile vyeupe anavyoviamini kuliko mtu yeyote wa ukoo, nikamnyang'anya nikavitupia kwenye kopo langu la vifungo, maana dawa ya mtu inaweza kumuua mbwa. Tuligombana kweli kweli siku ile. Taulo likabaki. Mjomba alikuwa analipasha kwa pasi, analikunja mara nne, pembe kwa pembe, ndipo analiweka tumboni kwa Meneja, likipoa anarudia. Meneja alilala chali, miguu minne juu, macho yamelegea kwa raha. Mimi na mgongo wangu unaoniuma kwa kuinamia cherehani nilikuwa natazama tu.

Mwalimu mstaafu alisema mnapoteza muda, tumbo ni mwendo. Akamfunga Meneja kamba akaanza kumzungusha mtaani kwa hatua za gwaride, akihesabu. Nyuma yao akafuata Mama na chupa ya maji, muuza mboga na bakuli la boga, Mjomba na lile taulo, na wateja wawili watatu waliokuja kuchukua nguo zao wakaona dobi anaondoka. Walizunguka mpaka kwenye uwanja wa mpira wakarudi. Meneja alirudi amechangamka, akalala. Aliyefaidika ni mwalimu mwenyewe, ambaye walipofika kwenye kona aliachia kamba ghafla akakimbilia kwake bila kuaga. Baadaye alikiri kwamba shida hiyo alikuwa nayo tangu anafundisha, na mpaka leo hakosi matembezi.

Kinyozi naye asipitwe, alikuja na mashine yake ya kunyolea, ameitoa wembe, akasema ule mtetemo ukiwekwa ubavuni unaamsha utumbo. Akaiwasha, akamwekea. Meneja akakoroma. Kinyozi akaishika pale mpaka mkono ukamfa ganzi, wateja wake wanamsubiri nusu kichwa, akaondoka anasema huyu mbwa ana kiburi.

Ikawa hakuna tena kuamkiana kwa habari za asubuhi. Mtu anapita barabarani anainua mikono tu, na sisi tunatikisa vichwa, bado. Mteja akija na magauni yake anauliza kwanza Meneja, ndipo magauni. Na kila Meneja akinyanyuka kwenda uani, neno linatangulia, watu wanaacha walichoshika wanakuja. Wanapanga mstari kwenye ule uwanja mdogo wa uani, kati ya tangi la maji na mlango, wamenyamaza kwa heshima zote, macho yote kwenye makalio ya mbwa. Meneja anafika kwenye kona yake, anachuchumaa, anageuza shingo. Anawaona. Anasimama. Watu wote wanasema aaa, kwa pamoja.

Nisiseme wao. Na mimi nilikuwepo, nimeacha pindo la watu linaning'inia.

Mwishowe tukamwita daktari wa mifugo. Ni kijana mpole aliyezoea ng'ombe na kuku, lakini alimpima Meneja vizuri, akambonyeza tumbo, akamtazama fizi. Akasema yote tuliyofanya hayana ubaya, ila sasa zimepita siku nyingi, choo kimekauka. Asubuhi apelekwe kwake akatolewe kwa vyombo, na kwa hilo itabidi alazwe usingizi kwa sindano. Halafu akamwambia Mjomba ukweli, na namheshimu kwa hilo.

"Mzee, kwa umri wake na hilo tumbo, kumlaza nitamlaza. Kumwamsha siwezi kukuahidi."

Mjomba akamshukuru. Daktari alipoondoka, Mama akaanza kusema mbwa ni mbwa, ameshaishi, tutamtafutia mwingine mdogo. Mjomba alikuwa amegeukia meza, anapitisha kiganja juu ya nguo za wateja zilizopangwa pale, mashati ya huyu, sare za yule.

"Dada, huyu akienda," akasema, "mimi nitabaki na nguo za watu tu."

Mama akafunga mdomo. Sijawahi kumwona Mama anafunga mdomo, na ndipo nilipoogopa. Nilimwona Mjomba vizuri siku ile, jinsi shingo ilivyoisha, jinsi kola ilivyokuwa inamzunguka bila kumgusa. Nikajua bila kuambiwa na mtu kwamba Meneja akifia mezani kwa daktari, huyu naye hatumalizi mwaka naye.

Asubuhi Mjomba alivaa shati jeupe. Blanketi la Meneja alilinyoosha, akalipiga mkunjo katikati. Mtaa mzima ulikuja kuaga, si utani, kinyozi alifunga saluni, muuza mboga alikuja amevaa viatu. Meneja akatoka chini ya meza polepole, akatupita wote, akaenda uani kwa mara ya mwisho kabla ya safari. Na sisi hao, nyuma yake.

Tukapanga ule mstari wetu. Meneja akafika kwenye kona, akachuchumaa. Mtu akanong'ona sukuma, baba, sukuma. Mwingine akamwambia anyamaze. Kinyozi akainua simu apige picha, eti ya kumbukumbu. Mama alikuwa amefumbata mikono anaomba kwa sauti. Meneja akageuza shingo akatutazama, mmoja mmoja, na nikaona masikio yake yanalala.

Macho yangu yakapanda juu nikaona kamba za kuanikia. Tupu. Kamba tatu kutoka ukutani hadi ukutani, hazina hata soksi, kwa sababu aliyekuwa anaanika hayupo. Enzi za Mama Povu uani kwake ulikuwa hupiti bila kupenya kati ya shuka. Kila asubuhi zilining'inia mpaka chini, na Meneja alikuwa anaingia kati yake anapotea, anatoka upande wa pili akiwa mwepesi. Hajawahi kuonwa na mtu akijisaidia maisha yake yote. Na sisi tumemsimamia hapo na mabakuli.

Nilishikwa na hasira ambayo sikujua imetoka wapi. Nilimpokonya kinyozi simu.

"Hivi kuna hata mmoja wenu angeweza?" nikawauliza. "Akiwa anatolewa macho hivi? Mwalimu, ungeweza? Mama, wewe? Hebu geukeni. Wote. Tazameni ukuta."

Mama akaanza kusema yeye ndiye mkubwa hapa. Nikamwambia ukuta, Mama. Nikamshika mabega nikamgeuza mwenyewe, na kwa hilo bado nadaiwa radhi. Wakageuka. Watu wazima wazima, wenye kazi zao, wakasimama bega kwa bega pua zikigusa chokaa. Mjomba naye aligeuka, mwisho kabisa wa mstari karibu na tangi, na mimi nikageuka.

Nilikuwa natazama ufa mdogo kwenye plasta na sisimizi anayepita. Nyuma yetu tukasikia kucha zinakwaruza saruji, zinazunguka, zinatafuta mahali. Zikatulia. Kisha tukasikia mguno mmoja mrefu, wa mzee anayetua mzigo, na baada ya hapo ikaja harufu ambayo siwezi kuielezea kwa watu waliokula. Boga lile lote. Muuza mboga akaanza kutetemeka mabega kwa furaha, mwalimu akanong'ona, "Tayari?" nikamwambia asithubutu kugeuka, mwache amalize.

Ndipo tukasikia sauti nyingine.

Mwanzo nilidhani ni Meneja tena. Ilikuwa inatoka kwenye kona ya tangi, ndogo, inakatika, kama bomba lililokaa muda bila maji. Halafu ikafunguka. Mjomba alikuwa analia. Paji la uso kalibana ukutani, mikono yote miwili imeshika chokaa, analia kwa sauti kubwa ya kitoto, bila aibu, anamwita mkewe kwa jina lake la usichana, jina ambalo wengi wetu pale tulikuwa hatulijui.

Mama akashtuka akataka kugeuka. Nilimshika mkono. Akanitazama, midomo inamcheza, akarudisha uso ukutani. Hakuna aliyegeuka. Meneja alikuwa amekwisha kumaliza kitambo, anapita nyuma yetu ananusa visigino vya mtu mmoja mmoja akishangaa tumepatwa na nini, na sisi tumesimama vile vile, machozi yanatutiririka kwenye chokaa, kinyozi kabana pua kwa vidole viwili na analia kwa mdomo.

Kisha Mama, aliyezipanga zile zamu zote, akaanza kusogea. Hakugeuka. Alikwenda ubavu ubavu, uso ukutani, hatua moja baada ya nyingine kuelekea mlangoni, na muuza mboga akamfuata, na mwalimu, na kinyozi, mstari mzima ukateleza vile ukutani, watu na mabakuli yao, mpaka wote wakaingia ndani bila hata mmoja kumtupia Mjomba jicho. Nilikuwa wa mwisho. Nikavuta mlango wa uani nikaufunga, nikasimama mbele yake.

Akaja mteja, mwanamume mmoja wa ofisini, anataka suruali zake. Akasikia ile sauti huko nyuma, akasita. Nikamwambia arudi kesho, leo dobi hafanyi kazi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

Nikamwambia ndiyo, amefiwa na mke wake.